Sahani ya Deruta inapolia "tik" usiku: dalili za vyombo vya udongo vya Kiitaliano na chanzo chake

Usiku mmoja, nyumba nzima imelala, nilisikia "tik" kutoka kabatini. Kimya. Baada ya dakika kadhaa, "tik" nyingine. Asubuhi niliteremsha sahani sita za supu nilizonunua Deruta miaka miwili nyuma, nikazisogeza dirishani moja moja na kuzilaza upande kwenye mwanga. Mbili zilikuwa na mtandao wa nyufa nyembamba kama uzi wa buibui, tangu katikati mpaka ukingoni. Hakuna aliyeziangusha wala kuzigonga.

Naishi Perugia, na Deruta iko kusini yetu, chini ya kilomita 20. Vyombo hivi sisi hatuviweki kwa ajili ya wageni tu. Tunavilia pasta mchana na wali wa nazi jioni, kwa hiyo nimeviua vya kutosha hadi nikajua vinakufa kwa nini. Ndugu na marafiki wanaorudi likizo na sahani mbili tatu za maua sandukuni hunipigia simu na maswali yaleyale. Majibu ni haya.

Kwanza, chombo chenyewe ni nini

Maiolica, iwe ya Deruta, Faenza, Vietri sul Mare, Caltagirone au Grottaglie, ni udongo laini wenye chokaa. Huchomwa mara ya kwanza kwenye joko karibu nyuzi 1,000, na ukitoka hapo Waitaliano huuita biscotto. Halafu huchovywa kwenye glezi nyeupe iliyotiwa oksidi ya bati, mchoraji hupaka rangi juu ya unga huo mbichi ambao hausamehe mkono uliotetereka, na chombo hurudi jokoni kwa nyuzi 920 hadi 950 hivi. Glezi inayeyuka na kuwa kioo, na rangi inazama ndani yake. Vyombo vya mawe, vile vizito vya kijivu, huchomwa nyuzi 1,200 na zaidi hadi udongo wenyewe ujifunge. Maiolica haifiki huko. Chini ya koti lake la kioo, mwili unabaki na vinyweleo.

Ukitaka kuelewa haraka, fikiria mtungi wa maji. Mtungi hupoza maji kwa sababu unavuja jasho, maji yanapenya udongo na kukaukia nje. Sahani ya Deruta ni mtungi uliovalishwa kioo. Koti likiwa zima, hakuna shida. Likipata tundu, ufa au pengo, udongo unaanza kunywa, na karibu kila malalamiko utakayosoma hapa chini yanaanzia hapo.

Pima mwenyewe. Geuza sahani uangalie kitako. Mara nyingi kuna duara lisilo na kioo, rangi ya biskuti au waridi hafifu. Dondosha tone moja la maji. Likikaa juu kama shanga, udongo wako umejifunga vizuri. Likinywewa mbele ya macho yako na kuacha doa jeusi la unyevu, una mtungi mkononi, na uutunze kama mtungi.

Nyufa za nywele

Waitaliano huziita cavillo. Zina asili tatu, na dawa ya moja siyo ya nyingine, kwa hiyo anza kwa kuuliza zilitokea lini.

Kama zilikuwepo siku ya kwanza, kosa ni la joko au la mapishi ya glezi. Kila kitu hutanuka kikipata moto na kusinyaa kikipoa. Kioo kikisinyaa kuliko udongo ulio chini yake, kinavutika kama ngozi ya ngoma iliyokazwa kupita kiasi, kisha kinachanika. Ndiyo maana wafinyanzi wa Italia tangu zamani walitafuta udongo wenye chokaa: chokaa inaufanya udongo usinyae kwa kiasi kinachoendana na glezi ya bati. Sahani mpya yenye nyufa irudishe dukani. Wengine watakuambia ni mtindo wa kizamani. Kwenye chombo cha ukutani, sawa. Kwenye sahani ya kulia mchuzi, hapana.

Kama zilitokea ghafla baada ya kupasha au kumwagia kitu cha moto, ni mshtuko wa joto. Mwezi wa Januari jikoni kwetu sahani inatoka kabatini baridi kama barafu, halafu mtu anamiminia supu inayochemka. Zioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu, au ziweke juu ya sufuria ya pasta wakati maji yanachemka. Mama jirani yangu hufanya hivyo kila siku, kwa kupenda chakula kibaki moto, na sahani zake zina umri kuliko mimi.

Kama zilitokea polepole, baada ya miezi au miaka, bila kisa, hizo ndizo zilizokuwa zikilia kabatini kwangu. Udongo wenye vinyweleo, ukinyonya unyevu kwa muda mrefu, unavimba. Kidogo sana, jicho halioni, lakini kioo kilicho juu hakivimbi nao. Kinavutwa mpaka siku moja kinapasuka, na unaweza kulisikia kabisa likitokea. Nilipofuatilia yangu nikakuta mkosaji ni mimi: nilikuwa naziacha kwenye beseni la maji usiku kucha ili mchuzi ulainike, kisha nazipanga moja juu ya nyingine kabla kitako hakijakauka. Maji yaliingia kwa duara la chini, si kwa juu.

Nyufa hazirudi nyuma, na hakuna mafuta wala gundi ya kuziziba kwa chakula. Kinachobaki ni kuamua chombo kipewe kazi gani. Sahani yenye nyufa nyembamba chache bado itabeba mkate, matunda, mandazi. Mchuzi wenye mafuta, maziwa, nyama, iondoe huko, kwa sababu ambayo pua itakueleza yenyewe baada ya wiki chache.

Madoa ya manjano, na harufu isiyotoka

Hapa ndipo meza yetu na meza yao zinapogombana. Mpishi wa Umbria, mkoa wa Perugia, ana mafuta ya zeituni na nyanya. Mimi nina manjano, na manjano yanaingia kwenye ufa wa nywele kama wino kwenye karatasi. Wiki moja ya mchuzi wa samaki na bakuli langu jeupe likawa na ramani ya mito ya dhahabu.

Nikafanya kosa ambalo nakusihi usilirudie. Nikalizamisha usiku kucha kwenye maji ya klorini. Asubuhi lilikuwa jeupe pe, nikajisifu. Wiki tatu baadaye, pembeni mwa nyufa pakaota ukungu mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikaufuta, ukarudi. Halafu kioo kikaanza kunyanyuka vipande vidogo, ukipitisha kidole unahisi magamba.

Manyoya yale ni chumvi. Dawa ya klorini iliingia kwenye udongo pamoja na maji, maji yakakauka, chumvi ikabaki na kuganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma kioo kutoka ndani. Unaweza kuikamata mapema kwa kuloweka chombo kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na chumvi yanayotiwa kwenye pasi ya mvuke, ukiyabadilisha kila siku kwa wiki moja au zaidi, kisha kukiacha kikauke taratibu. Kioo kikishaanza kubanduka umechelewa. Bakuli langu sasa linakaa na vitunguu saumu.

Kwa doa, kinachofanya kazi bila kuua chombo ni haidrojeni paroksaidi hafifu. Kwenye famasia za Italia inauzwa kwa jina la acqua ossigenata 10 volumi, maana yake asilimia 3. Lowanisha kwanza sahani kwa maji safi ili udongo ushibe, halafu laza pamba au karatasi ya jikoni iliyoloweshwa dawa juu ya doa, funika kwa plastiki, acha siku moja. Rudia ikibidi. Suuza, loweka kwenye maji safi, kisha anika siku kadhaa mahali penye hewa. Usifanye hivi kwenye chombo chenye dhahabu au mng'ao wa metali.

Harufu ya mafuta yaliyochacha ni kesi ngumu zaidi, kwa kuwa mafuta hayatoki na maji. Kama sahani ikipata joto inanuka, mafuta yameshaingia ndani kabisa. Mimi huiondoa mezani moja kwa moja, sibishani nayo.

Sahani inachoma mkono, chakula bado baridi

Swali hili huulizwa na wenye maikrowevu, na wengi hudhani mashine imeharibika. Maikrowevu hupasha maji popote yalipo. Kama udongo wa sahani umekunywa maji, nguvu yote inaishia kwenye sahani. Jaribu hivi: weka sahani tupu na kikombe cha maji kando yake, dakika moja. Maji yakiwa moto na sahani baridi, uko salama. Maji baridi na sahani moto, imeshiba unyevu, na ukiendelea hivyo maji ndani yake yatapanuka na kuipasua.

Kuikausha: siku kadhaa juani ikiwa imeinuliwa kitako juu, au oveni ya joto dogo, chini ya nyuzi 100, kwa saa mbili hivi. Iingie oveni ikiwa baridi na itoke oveni ikiwa imepoa. Kisha rudia jaribio. Ikishindwa tena baada ya wiki mbili za matumizi, maji yana mlango, utafute: kitako kisicho na kioo, pengo ukingoni, au nyufa.

Ukingo uliomeguka

Sbeccatura, kwa Kiitaliano. Lijue neno, utalihitaji dukani. Hapa usikimbilie kulaumu watoto. Angalia umbo la jeraha.

Jeraha kama kigamba cha kombe, lenye mviringo na udongo mkavu unaoonekana, ni pigo. Bomba la sinki ndilo muuaji mkuu, likifuatiwa na kupanga sahani kumi kwenda juu na kuchomoa ya katikati. Ukingo ndio mahali kioo chembamba zaidi, kwa sababu glezi ikiyeyuka hutiririka kuelekea chini. Weka kitambaa au karatasi nene kati ya sahani na sahani.

Kigamba kinachobanduka chenyewe ukingoni bila kuguswa, chenye ncha kali kama wembe, ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa kinyume cha nyufa: kioo ni kikubwa kuliko udongo, kinabanwa hadi kinaruka. Usilie chakula humo hata siku moja zaidi. Vipande vyake ni vya kioo halisi na vinaweza kuishia kwenye wali.

Kuna na shimo la tatu, la duara, dogo kama kichwa cha kiberiti, na ukiliangalia kwa karibu katikati yake kuna punje nyeupe. Wafinyanzi huliita calcinello. Punje ya chokaa iliyobaki kwenye udongo iligeuka kuwa chokaa hai jokoni, ikavuta unyevu wa hewani, ikavimba, ikarusha kifuniko chake. Inaweza kutokea siku chache au miezi kadhaa baada ya kununua. Hilo ni kosa la karakana, hata kama muuzaji anakutazama kana kwamba umeitupa chini. Mwonyeshe ile punje.

Kuhusu gundi: zamani Italia walikuwapo mafundi waliopita mitaani wakitoboa sahani zilizovunjika kwa keekee ya upinde na kuzishona kwa waya wa chuma. Sahani za namna hiyo bado utaziona kwenye masoko ya vitu vya kale. Gundi ya siku hizi inaunganisha vizuri zaidi, ila nyingi hazikuundwa kugusa chakula wala moto. Iliyogundishwa iende ukutani.

Mistari ya kijivu kama ya penseli

Karibu kila mara huo si mkwaruzo. Kioo kigumu kimekwangua chuma cha uma, na chuma kimebaki juu kama risasi ya penseli kwenye karatasi. Uma mpya wa bei rahisi huacha mistari zaidi. Tengeneza uji mzito wa bikaboneti ya soda na maji, sugua kwa kidole au kitambaa laini, dakika mbili. Ukitoka ulikuwa chuma. Usipotoka, na ukipitisha ukucha unakwama, basi kioo kimechimbika kweli. Steliwaya isikaribie kabisa.

Rangi inafifia

Maiolica ya kweli rangi yake imezama kwenye kioo, kwa hiyo sponji haiwezi kuitoa. Ikififia, kuna mambo mawili. Ama mashine ya kuoshea vyombo, ambayo sabuni yake kali na joto lake hula kioo chenyewe taratibu: kwanza mng'ao unakufa, uso unakuwa kama umepakwa vumbi, kisha rangi inafuata. Ama rangi iliwekwa juu ya kioo, kwa kuchomwa mara ya tatu kwenye moto mdogo, au haikuchomwa kabisa, ni rangi ya kopo kwa watalii.

Funga macho, pitisha ncha ya kidole kutoka pale peupe kuingia kwenye ua. Ukihisi ua limeinuka, na ukilaza sahani kwenye mwanga ua halina mng'ao ule ule wa sehemu nyingine, usilie chakula juu yake. Dhahabu daima huwa juu, na ikiingia maikrowevu hutoa cheche.

Na hapa niseme moja kuhusu lebo. Dipinto a mano ni "imechorwa kwa mkono". Haisemi kwamba sahani yenyewe ilifinyangwa kwa mkono. Nyingi hukandamizwa kwenye kalibu, na hakuna aibu hapo. Lakini bei ikipanda kwa kisingizio cha gurudumu la mfinyanzi, uliza.

Yasiyo ugonjwa

Alama tatu ndogo chini ya sahani ni mahali iliposimama jokoni. Sahani mbili za seti moja kupishana milimita kadhaa, jani moja lenye mkia mrefu kuliko lingine, tundu la sindano moja nyuma: yote ni mkono wa mtu. Sahani inayotikisika mezani imepinda jokoni, weka vibandiko vya kitambaa chini. Kitako kinachokwaruza meza kipitishe msasa laini ukiwa umeulowesha.

Sauti

Ning'iniza sahani kwa vidole viwili, igonge kwa kifundo cha kidole. Nzima inalia na kuendelea kidogo. Inayojibu "kof", kama kugonga ubao, ina ufa unaopita mwilini, hata kama huuoni. Hiyo ndiyo inayopasuka mikononi ikiwa na supu. Fanya jaribio hili sokoni kabla ya kulipa.

Sahani ya bibi, na risasi

Jambo la risasi, metali yenye sumu, nimeliacha mwisho kwa sababu halina dalili. Ufinyanzi huu una nasaba ndefu, na sisi watu wa pwani hatuko mbali nayo. Glezi nyeupe ya bati ilianza na wafinyanzi wa Iraki katika karne ya 9, wakiiga weupe wa vyombo vya Kichina. Ikapita Uhispania, na jina maiolica linahusishwa na kisiwa cha Majorca. Vipande vya vyombo vya Iraki vya zama zile vimefukuliwa pia Manda, karibu na Lamu. Katika safari hiyo yote risasi ilikuwa ndani ya mapishi, kwa kuwa huifanya glezi iyeyuke kwa urahisi na kung'aa kwa kina.

Ulaya iliweka mipaka mwaka 1984, kwa agizo namba 84/500. Chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha hupimwa risasi iliyotoka. Sahani bapa isizidi miligramu 0.8 kwa kila desimita ya mraba, bakuli na vikombe miligramu 4 kwa lita, vyombo vya kupikia na vile vya kuhifadhia vinavyozidi lita tatu miligramu 1.5 kwa lita. Chombo kipya cha mezani kitafute alama ya bilauri na uma, au maneno per uso alimentare, "kwa matumizi ya chakula". Ukikuta solo decorativo, "ya pambo tu", mfinyanzi amekwambia ukweli, mwamini.

Sahani ya zamani isiyo na alama, ya urithi au ya soko la Jumapili, haitakupa harufu wala doa. Vijiti vya kupimia nyumbani vinaonyesha kama risasi ipo juu ya uso, havionyeshi ni kiasi gani kinaingia kwenye chakula. Maabara ndiyo inayopima hilo. Bila kipimo cha maabara, usiilie, na hasa wajawazito na watoto wadogo. Kibaya kuliko vyote ni kitu kichachu kilichokaa muda mrefu: achari ya ndimu, ukwaju uliolowekwa, sosi ya nyanya iliyolala kwenye friji, siki.

Geuza kitako chake uangalie. Sahani kubwa za maonyesho za Deruta za karne ya 16 mara nyingi zilitobolewa matundu mawili kwenye duara la chini, ya kupitishia kamba. Kama yako inayo, msumari wa ukutani ndipo pake.